Wabebaji Walioko Bolivia

Sogra aliahidi kwanza, akauliza baadaye, na kwa waliomjua hilo halikuwa jambo geni. Jioni hiyo darasa la kumi la shule ya kijiji cha milimani cha Gamthang lilikuwa limebanana mbele ya kompyuta ya Mwalimu Bilqis, vichwa juu ya mabega, mabega juu ya migongo. Upande wa pili wa kioo ilikuwa asubuhi, na darasa la wenzao wa nyanda za juu za Bolivia lilikuwa limebanana vilevile, wengine bado wanatafuna mkate.

Mwaka mzima sasa madarasa haya mawili yalikuwa yakikutana mara moja kwa mwezi, kwa Kiingereza cha kuchechemea pande zote mbili, ndiyo maana hakuna aliyemcheka mwenzake kwa muda mrefu. Gamthang walikuwa wameonyesha aprikoti zikianikwa juu ya mapaa. Bolivia wakaonyesha viazi vilivyoachwa nje vigande kwa baridi kisha vikakanyagwa kwa miguu mitupu mpaka maji yakatoka. Gamthang walicheka sana siku hiyo, na wiki iliyofuata nusu ya darasa walikuwa juu ya mapaa wakikanyaga viazi vya mama zao.

Mwezi huu zamu ilikuwa ya maji. Msichana aliyeitwa Wara, ambaye alikuwa na nywele za kusuka mbili na tabia ya kuuliza maswali matatu kwa pumzi moja, alieleza kwamba mlima wa kwao ulikuwa na barafu mpaka bibi yake alipokuwa mtu mzima. Sasa ulikuwa jiwe tupu. Je, Gamthang bado wanayo? Ni ya nani? Inatosha?

Sogra alijisogeza mbele. Alisema barafu bado ipo mbali, lakini chemchemi ya mashamba ya juu imekonda, na mwezi ujao wanaume wa kijiji wataozesha barafu, waifungishe ndoa. Watachukua barafu dume na barafu jike, wazibebe mpaka kwenye pango la juu, wazilaze pamoja na kuzifunika, ili izaliwe barafu mpya.

Kule Bolivia kulizuka kelele kama za banda la kuku.

"Unatutania," Wara alisema.

"Sikutanii. Mtaona wenyewe. Nitawachukua kwenye simu, na nitawatangazia kila hatua kama mtangazaji wa kriketi."

Kelele ziliongezeka. Mwalimu wao akasema angewaalika wazazi wote kwenye ukumbi. Sogra alitabasamu mpaka masikio yakamuuma. Simu ilipokatika, Mwalimu Bilqis alifunga kompyuta taratibu na kumtazama.

"Umemuuliza nani?"

"Nitamuuliza mjomba."

"Utamuuliza," mwalimu alisema, "au utamwambia?"

*

Mjomba Fida, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wabebaji. Kwa miaka mingi alikuwa amebeba mizigo ya wapanda milima wa kigeni mpaka chini ya vilele vile ambavyo wao huvipiga picha na kurudi kwao. Alikuwa na mgongo mpana, miguu ya ng'ombe wa mlimani, na mdomo usiochoka. Wabebaji wenzake walisema kwamba walimchagua awe kiongozi ili wapate kumsikia akiwa mbele badala ya nyuma, kwa sababu akiwa mbele upepo huondoka na nusu ya maneno.

Sogra alimkuta kibarazani akirekebisha tenga la fito za mti uotao kando ya mto, kikombe cha chai ya chumvi pembeni. Alimweleza yote kwa mkupuo mmoja. Wenzao wa Bolivia, mlima uliokauka, simu, utangazaji, wazazi ukumbini. Alipomaliza, Fida alikuwa ameacha kusuka. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shali.

"Kumbe hujui," alisema.

"Sijui nini?"

"Mbebaji hasemi, binti yangu. Hata neno moja."

Akamweleza. Tangu barafu iingie tengani mpaka ifunikwe kwa jiwe la mwisho, hakuna anayefungua kinywa. Mtu haagi mkewe, hasalimii anayekutana naye njiani, haulizi bado mbali kiasi gani. Na tenga haligusi ardhi. Aliyechoka humpokeza mwenzake mgongo kwa mgongo. Barafu ikisikia maneno ya watu hugeuka kuwa maji ya kawaida, ndivyo baba yake Fida alivyomfundisha, na baba yake alikuwa amemwona kwa macho yake mwanamume aliyemwita mbuzi wake njiani, na barafu ya mwaka ule ikafa kabla ya majira ya kuchipua.

Sogra akaketi kibarazani. Mara ya mwisho barafu ilipoozeshwa hapa Gamthang alikuwa hajazaliwa, na mambo ya barafu huambiwa wale watakaoibeba. Wasichana hawakuwa wakiambiwa, kwa hiyo alijua harusi tu, hakujua masharti yake. Alikuwa ameahidi kutangaza safari ambayo kazi yake yote ni kunyamaza.

"Kwa hiyo siendi?"

"Sijasema huendi. Nimesema husemi. Kwa wengine ni sharti dogo. Kwako wewe naona afadhali tungekubebesha jiwe."

"Na simu je?"

Fida alikuna ndevu. Sogra hakumpa nafasi ya kufikiri sana. Alisema angezima sauti ya simu. Waongee watakavyo huko kwao, hapa hakuna atakayesikia. Ni kitufe kimoja tu.

Hapo mjomba aliweka msumari wa kusukia chini, na uso wake ukaacha mzaha.

"Mtu aliyezibwa na kitufe hajanyamaza. Amezibwa. Wewe unasema watakuwa nasi njiani, sivyo? Basi kama wako njiani ni wabebaji, na mbebaji hunyamaza kwa hiari yake. Sauti iwe wazi. Wanyamaze wenyewe, au wasije."

"Mjomba, ni darasa zima. Na wazazi wao, na bibi zao."

"Basi darasa zima na bibi zao."

"Na mmoja akisema?"

"Tunamwaga barafu pale pale tulipo, tunarudi nyumbani. Tunajaribu mwakani, Mungu akipenda." Akachukua kikombe chake, akaona chai imepoa, akainywa hivyo hivyo. "Na shayiri ya mama yako kule juu itasubiri mwaka mwingine. Sijui kama itaweza. Wewe ndiye unayewajua hao watu. Wewe sema kama waje."

Sogra alipanda njia ya nyumbani. Alipita shamba lao la juu, ambako shayiri ya mwaka huu ilifika magotini badala ya kiunoni, na miti miwili ya aprikoti ilikuwa imekauka kuanzia vilele. Mama yake alikuwa anakwangua mfereji kwa jembe, maji membamba kama uzi yakimzunguka miguu. Angeweza kurudi kwa mjomba na kusema hawaji. Ingekuwa rahisi na salama. Lakini akilini alimwona Wara akimuuliza maswali matatu kwa pumzi moja, na kitu ndani yake kikakataa. Wale watu walikuwa wameuliza. Hawakuuliza bei ya kitanda wala njia ya kwenda kupiga picha. Waliuliza maji.

Alimwambia mjomba kwamba watakuja.

*

Mwalimu Bilqis aliomba kikao cha ziada, na Sogra akawaeleza Bolivia ukweli. Alieleza bila kupamba, kwanza kosa lake, kisha sharti, kisha kitakachotokea mtu mmoja akikohoa neno. Alitarajia wakatae. Badala yake walibishana kwa lugha yao kwa muda mrefu, mwalimu wao akigonga meza, mpaka Wara akasukuma uso wake karibu na kioo.

"Tutaweza. Lakini kama wewe husemi, tutajuaje tunachokiona?"

Lilikuwa swali la haki. Sogra alilala nalo, akaamka nalo. Asubuhi alikwenda shuleni na wazo: watajua kila kitu kabla. Siku ya safari hakuna atakayehitaji kuelezwa, kama vile hakuna anayehitaji kuelezwa sala iliyokwisha kumkaa mwilini.

Kwa hiyo alianza kufundisha, na ili afundishe ilimbidi ajifunze. Alimfuata Fida kutoka kibarazani mpaka zizini, kutoka zizini mpaka kinu cha maji, akimuuliza. Barafu dume ndiyo ipi? Ile nyeusi iliyojaa mawe, isiyosonga. Na jike? Ile nyeupe yenye bluu ndani, inayotoa maji mengi. Kwa nini mkaa? Kwa nini makapi ya ngano? Kwa nini vibuyu vya maji? Mengine Fida aliyajua kwa sababu zake, mengine aliyajua kwa desturi tu, na hakuona haya kusema ni yapi. Mkaa na makapi huzuia joto, kila mtu anajua. Maji ya kibuyu yakiganda hupasua kibuyu na kuunganisha vipande vya barafu kama gundi. Lakini chumvi? Fida alisema chumvi ni mahari. Mwalimu Bilqis, ambaye alisomea sayansi mjini, alisema chumvi kwa kawaida huyeyusha barafu, kwa hiyo hajui, na angependa sana kujua. Sogra aliwapelekea Bolivia majibu yote mawili, na Bolivia wakagombana juu yake juma zima.

Wao nao walikuwa wanafanya mazoezi. Wara alimwandikia kila siku. Siku ya kwanza walinyamaza dakika chache tu, kisha mvulana aitwaye Rubén akapiga chafya na ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko. Siku ya pili walifika mbali zaidi. Kina mama wa sokoni waliposikia habari hiyo walitaka nao wajaribu, wakashindwa vibaya. Bibi yake Wara alisema yeye hahitaji mazoezi, atakuja na sindano zake za kufuma, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hausumbui.

Hapa Gamthang mambo hayakuwa laini. Baada ya sala ya Ijumaa baadhi ya watu walinung'unika kwamba jambo la mababu linageuzwa kuwa sinema, na kwamba msichana kupanda na wabebaji ni jambo jipya ambalo hawakuliomba. Fida aliwasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wageni wameupiga picha mgongo wangu tangu nikiwa kijana," aliwaambia. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimebeba nini. Watoto hawa wameuliza. Mimi nitawabeba."

Mzee mmoja alisema, watoto wa huko wana mdomo gani wa kunyamaza, wa kwetu wenyewe hawanyamazi. Watu wakacheka, na hapo ndipo Fida alipojua kwamba wamekubali.

*

Siku ya safari anga ilikuwa safi na baridi ya kukata masikio. Kundi moja lilikuwa limetangulia mapema kwenda kuchukua barafu nyeusi, jingine barafu nyeupe ng'ambo ya mto. Walipanga kukutana alasiri kwenye malisho ya chini ya pango, kisha wapande pamoja sehemu ya mwisho. Mwalimu Bilqis na kina mama walibaki malishoni na masufuria, wakipika chapati za ngano nyeusi. Sogra alisimama juu ya jiwe, simu ya mwalimu mkononi, akitafuta mtandao. Mnara wa simu ulikuwa bonde la pili na ulionekana vizuri kutoka hapa kuliko kutoka kijijini. Simu ikaita.

Ukumbi wa Bolivia ulijaa mpaka madirishani. Kofia, shali, watoto wachanga migongoni mwa mama zao. Sogra aliwakazia macho watoto wachanga. Wara, safu ya mbele, aliona mwenzake anatazama nini akasema haraka kwamba wameshanyonyeshwa, wote.

"Nikishusha mkono," Sogra alisema, "tumeanza."

Alitaka kusema mengine mengi. Alikuwa na hotuba nzima kichwani. Lakini mstari wa wanaume ulikuwa umeshatokea kwenye kona, mwendo wa pole, wameinama chini ya matenga, na Fida mbele. Sogra akashusha mkono.

Hakuwahi kusikia ukimya wa namna hiyo, na alikuwa ameishi milimani maisha yake yote. Kulikuwa na mlio wa fito za matenga, pumzi za wanaume, changarawe chini ya viatu, matone ya barafu yakidondoka kwenye koti la mjomba. Na kutoka kwenye simu, kama chumba cha jirani, kulikuwa na benchi likilia, kitambaa kikisuguana, mtu akimeza mate. Walikuwa pale. Aliweza kuwasikia wakiwapo. Alitembea ubavuni mwa Fida akielekeza simu kwenye tenga lake, halafu kwenye uso wake, halafu kwenye mstari wote unaopanda nyuma yao, na furaha ilimpanda kifuani kwa nguvu hata akaogopa itatoka na sauti.

Wakapanda. Njia ikawa nyembamba. Wabebaji wawili walipokezana mgongo kwa mgongo bila kutazamana, kama watu waliofanya hivyo kila siku.

Ghafla simu ikawika.

Jogoo, mzima, wa Bolivia, kwa sauti ya kutosha bonde zima. Mstari ukasimama. Kila mbebaji alimtazama Fida. Sogra alitazama kioo na kuona ukumbi wote umeganda, watu wameziba vinywa kwa viganja, macho yametoka. Fida alisimama amempa kisogo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, tenga likitikisika nayo, na Sogra akaelewa kwamba mjomba anakufa kwa kicheko na hakitoi. Mwishowe Fida alivuta pumzi ndefu puani, akainua mguu, akaendelea. Hukumu ilikuwa imetoka. Jogoo si mtu.

Juu ya hapo yalianza mawe yaliyolegea, mteremko wa kijivu unaoteleza chini ya pango. Hapo hakuna nafasi ya watu wawili kwenda sambamba, lakini Sogra alijibanza pembeni ili apate kuonyesha. Aliona mguu wa kushoto wa mjomba ukitua juu ya jiwe bapa. Aliona jiwe likisogea.

Fida alianguka kwa goti. Tenga likamlalia upande, kamba ikamtoka begani, na barafu nyeusi ikainama kuelekea ardhini. Mbebaji wa nyuma alikuwa na tenga lake, mikono yake haikuwa huru. Yowe lilimfika Sogra kwenye meno. Akaliuma. Akatupa simu, akajitupa chini ya tenga, akalipokea kwa bega.

Ubaridi ulipenya shali kama maji. Uso wa mjomba ulikuwa karibu na wake, umekunjamana, jasho limemtoka. Alijaribu kuinuka, kifundo cha mguu kikamkatalia. Alimtazama Sogra, kisha akatikisa kidevu kuelekea mgongo wake. Sogra alielewa, na hakuamini alichoelewa. Aligeuka. Mikono ya Fida ikamvisha kamba, moja, ya pili, ikavuta, ikakaza. Tenga halikuwa limegusa ardhi. Sasa lilikuwa lake.

Alianza kupanda.

Hatua za mwanzo alifikiria magoti tu. Kisha akakumbuka simu, na hofu ikamwingia upya. Waliona mtu anaanguka. Kwao ilionekana kama yeye mwenyewe ametupwa, halafu mawe, halafu labda anga tupu. Hawajui kama yuko hai. Mtu yeyote mwenye moyo angeita. Ukumbi mzima wa watu wenye moyo, na mama zao, na neno moja tu lilihitajika, jina lake, na kila kitu kilichomo mgongoni mwake kingemwagwa. Alitega masikio mpaka yakamuuma. Akasikia changarawe. Akasikia pumzi yake. Alitamani kugeuka na hakuweza, njia haikumruhusu. Akapanda akiwa amemeza jina lake mwenyewe, akisubiri alisikie.

Hakulisikia.

Pangoni wanaume waliotangulia na mkaa na makapi walimpokea tenga bila kushangaa, au walishangaa kimoyomoyo. Hapo tu ndipo alipogeuka kutazama nyuma. Mjomba Fida alikuwa anakuja wa mwisho, anachechemea, fimbo mkononi. Na katika mfuko wa kifua wa koti lake, jicho limetazama mbele, ilikuwa simu. Kiongozi wa wabebaji alikuwa amewabeba Bolivia mfukoni.

Sogra aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kazi ya mwisho ilifanyika haraka kwa sababu jua lilikuwa linaondoka. Nyeusi chini, nyeupe juu, nyeusi tena, nyeupe tena. Mkaa, makapi, chumvi. Vibuyu vya maji ya mto vikapangwa katikati. Kisha udongo, kisha mawe, kila mtu jiwe lake. Fida alimkabidhi Sogra moja, akaliweka. Sheikh wa kijiji, aliyekuwa akiwasubiri pangoni, aliinua mikono, midomo ikicheza bila sauti, akaipitisha usoni. Jiwe la mwisho lilikuwa la Fida. Alilibana kwa kiganja kuhakikisha halichezi, akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo watu wa rika lake.

"Haya," alisema. "Semeni."

Kelele iliyotoka kwenye kidude kile kidogo ilirudishwa na miamba mara mbili. Watu wa Bolivia walipiga kelele, walilia, watoto wachanga wakaamka wakaanza nao. Wanaume wa Gamthang walikumbatiana, mtu akampiga Sogra mgongoni pale pale alipochubuliwa na tenga, naye hakujali. Alinyakua simu.

Wara alikuwa na macho mekundu. Alisema waliona mawe, kisha anga, kisha anga, kisha anga. Kisha matundu ya pua makubwa mno. Kisha kitambaa. Walidhani amekufa. Rubén aliuma kofia yake mpaka ikatoboka.

"Na hamkusema," Sogra alisema.

"Bibi alinishika mkono. Bado una ganzi." Aliuinua ili aonyeshe, na nyuma yake mwanamke mzee mwenye sindano za kufuma alisema kitu kwa ukali, akimsukuma Wara bega. Wara akageuka, akasikiliza, akarudi.

"Anasema maneno ya kulia tutayamaliza baadaye. Anauliza mnachaguaje mahali. Kwa nini pango hilo? Urefu wake? Upepo unatoka wapi?"

Sogra alitafsiri. Fida alikuwa ameketi juu ya jiwe, kiatu kimevuliwa, kifundo kimevimba kama kiazi, na swali lilimfuta maumivu usoni. Alisema hilo ni rahisi, hata mtoto anajua. Unatafuta upande wa mlima unaotazama kaskazini, ule ambao jua haliufikii. Ukiweka kusini umeichoma.

Sogra alipeleka jibu. Ukumbi ukaguna. Wara alitikisa kichwa.

"Kwetu ingekufa juma la kwanza. Kwetu jua linapita kaskazini. Kivuli kiko kusini."

Fida alimtazama Sogra. "Huyo ananitania?"

"Hapana, mjomba." Sogra alikuwa amejibu swali hilo kwenye mtihani na akapata alama zote, tufe, mhimili, nusu ya juu na nusu ya chini, na hakuwahi hata siku moja kulielewa mpaka dakika hii, akiwa na matope ya barafu shingoni. "Ni kweli. Wako upande wa chini wa dunia. Kwao jua limegeuka."

Mjomba aligeuka kulitafuta jua nyuma ya mlima. Mbebaji mmoja alisema haiwezekani, jua ni moja. Mwingine akasema ni moja ndiyo, lakini sisi na wao hatulitazami kutoka mahali pamoja. Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, watu waliokuwa wamenyamaza tangu asubuhi, wakichora kwa fimbo kwenye vumbi mlima wa huku na mlima wa kule na jua katikati. Kutoka malishoni Mwalimu Bilqis aliita kwamba chapati zinapoa. Hakuna aliyeshuka.

"Muulize," Fida alisema, akisogea kwenye simu mpaka pua ikajaza kioo. "Muulize theluji yao hukawia wapi ikianguka. Asiniambie kaskazini wala kusini, hayo yameshanichanganya. Aniambie hukawia nyuma ya jiwe gani."

Sogra aliuliza. Wara aliinuka mara moja. Alikuwa ameshaichomoa kompyuta mezani, na picha ikaanza kuruka: dari, mlango, viatu vya watu wengi wanaokimbia, mwanga mkali wa asubuhi. Kisha ikatulia juu ya mlima wa kahawia, mtupu kuanzia chini mpaka juu, na bibi mwenye sindano za kufuma akatembea mpaka mbele ya picha na kunyoosha kidole kwenye ufa mmoja upande wa kulia.

Wanaume wa Gamthang walipiga magoti kuizunguka simu.

"Karibu zaidi," Fida alisema. "Mwambie asogee karibu zaidi."